Mikono ya nani?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia alfajiri nikisubiri maji yakupwe. Umeuliza mawili: kwa nini kamati ya msikiti inachangisha sola wakati gesi inatoka hapo Msimbati, pua na mdomo, na kama ni kweli, alivyosema ustadhi wa huko Dodoma, kwamba joto na mvua ni kudra ya Mwenyezi Mungu, mtu hana la kufanya.

Mimi si mwanachuoni. Nitakujibu kwa ninachokijua, nacho ni mwani.

Unakumbuka kotonii, ile aina ya mwani, ndiyo iliyokulipia ada, maana bei yake ilikuwa inawapita wenzake. Siku hizi ukiifunga, wiki mbili tatu tu matawi yanakuwa meupe kama mfupa. Ukiyashika yanakatikia vidoleni, laini kama tambi zilizolala. Kamba inabaki na vifundo vitupu. Bamvua ya mchana wakati wa kaskazi, yale maji madogo ya ufukweni unayakanyaga kama maji ya kumkandia mzazi.

Sasa fungua Suratu Rum, aya ya 41. Mwenyezi Mungu anasema uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa waliyoyafanya watu kwa mikono yao. Mwoneshe na ustadhi wako, kwa adabu. Kudra naiamini, lakini hainiondolei hesabu yangu. Ingekuwa hivyo, hata mwizi wa korosho angejitetea kwa kudra.

Lakini mikono ya nani? Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Yangu imo. Kabla hujazaliwa, mimi na marehemu baba yako tulikata mikoko, tukauza boriti na kuni za tanuru la chokaa. Pale tulipokata, mawimbi ya kusi sasa yanafika kwenye minazi ya bibi yako. Mitatu imeshaanguka, mizizi juu. Hilo ni langu, nitaulizwa.

Joto la bahari, hapana, hilo halikutoka kwenye tanuru letu. Ni moshi wa makaa ya mawe na mafuta, na waliochoma zaidi ni nchi zilizoanza viwanda karne mbili na zaidi zilizopita. Wao wamechoma, anayeokota kamba tupu ni mwanamke wa hapa kwetu Naumbu. Kwenye dini yetu hiyo inaitwa dhuluma, na dhuluma haisingiziwi Mungu. Agosti 2015 wanazuoni wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko, wakazitaka nchi tajiri na zile zinazochimba mafuta zitangulie kupunguza moshi huo. Miezi miwili kabla ya hapo Papa Francis alikuwa ameshawaandikia Wakatoliki, kwa hiyo hata jirani zetu wa misheni ya Ndanda hawana udhuru.

Gesi siichukii. Imegunduliwa Mnazi Bay, hapo hapo Msimbati, tangu 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015, na ikichomwa kufua umeme moshi wake ni mdogo kuliko wa makaa ya mawe. Ila ni mali ya shimoni, ukichota hairudi, na wajukuu zako nao wana fungu lao. (Na usichanganye: gesi ya mtungi ninayopikia haitoki Msimbati, inaletwa na meli kutoka nje.)

Sola ya msikiti sababu yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Umeme ukikatika Magharibi, pampu ya kisima inazima, watu wanabaki na ndoo mbili za udhu. Mara ya kwanza fundi alitufungia betri za gari. Betri ya gari imeumbwa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja, haikuumbwa kunyonywa usiku kucha. Hata mwaka haikumaliza. Safari hii tumesema betri ziwe za sola hasa. Na mimi nimedai mabomba yanayojifunga yenyewe, maana Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza israfu ya maji hata ukiwa kwenye mto unaotiririka, na kuna mzee mmoja pale, simtaji, anafungulia bomba kisha anaanza kusimulia habari za mnada wa korosho.

Kikundi chetu kinajaribu kuhamishia kotonii kwenye kina kirefu, maji ya huko yana nafuu. Kunahitaji mtumbwi, kunahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi tumefanya kazi baharini maisha yetu yote hatujui. Mimi najifunza. Wanao walipokuja likizo walinicheka mpaka wakakaa chini.

Mchango wako mpe mjomba wako akija huko mwisho wa mwezi, na ukizidisha kidogo ninunulie boya.

Maji yameshakupwa, wenzangu wananiita.

Mama yako