Jibu: Mama ana kisukari lakini anaona vizuri, apimwe macho?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumtoa mama Ahero hadi Kisumu kupimwa macho ilhali bado anasoma Biblia bila shida. Haja ipo, tena kubwa, kwa sababu umesema ana kisukari. Sukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho polepole, bila maumivu yoyote, na mtu anaweza kuendelea kuona vizuri huku uharibifu umeshaenda mbali. Mwenye kisukari cha aina ya pili huchunguzwa macho mara tu anapogunduliwa, kisha kwa kawaida kila mwaka.

Kusoma herufi za ukutani pekee hakutoshi, hata akizisoma zote. Sisitiza atiwe matone ya kupanua mboni ili daktari aone retina yenyewe, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Baada ya hapo mwanga wa jua utamsumbua na vitu vya karibu vitakuwa na ukungu kwa saa kadhaa. Abebe kofia, na tafadhali msimwache apande boda peke yake kurudi.

Waombe wapime na presha ya macho. Presha hiyo ikipanda huweza kuleta glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho; huanza kula uwezo wa kuona pembeni kimyakimya, na kinachopotea hakirudi. Akipatikana nayo, wewe na ndugu zako pia mpimwe, maana hufuata damu.

Jaribuni hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, au Sabatia kule Vihiga, ambayo ni hospitali ya macho. Asisahau kadi yake ya kliniki ya sukari.