Kabla ya Kufundisha Maadili ya Utafiti, Angalia Unavyosahihisha

Mara ya kwanza kupewa somo la maadili ya utafiti nilianza na utafiti wa Tuskegee, Marekani: wanaume weusi wa Alabama waliofuatiliwa wakiugua kaswende tangu 1932 hadi 1972, wakinyimwa penisilini hata ilipokuwa tiba ya kawaida. Darasa lilinyamaza, likasikitika, likakubaliana nami kwa kila neno. Wiki hiyohiyo nikakusanya ripoti za maabara. Kundi moja lilipima asidi kwa bureti, bomba la kioo la kupimia ujazo wa kimiminika, mara tatu na kuandika 24.30, 24.30, 24.30. Hakuna mkono uliotulia kiasi hicho, tena wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Walipika data. Nilipowaita, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, si alama anapata aliyekaribia jibu?" Sikuwa na la kusema, mwongozo wa kusahihisha niliuandika mwenyewe.

Siku hizi jibu lina alama chache. Nyingi ziko kwenye maelezo ya kilichokwenda kombo. Daftari ni la wino, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, na ukurasa hauchanwi. Watalalamika kwamba daftari ni chafu. Waache walalamike.

Wakishazoea, nawaletea Millikan, mwanafizikia wa Marekani aliyetumia matone ya mafuta kupima chaji ya elektroni. Mwaka 1913 alichapisha vipimo vya matone 58 ya mafuta, akaandika kuwa hayo ndiyo yote aliyoyapima kwa siku 60 mfululizo. Madaftari yake yana mengine mengi aliyoyaacha. Nobeli akapata, 1923, na chaji ya elektroni aliyoitoa haiko mbali na tunayoitumia leo. Hapo ndipo darasa linapogawanyika. Wapo wanaosema fundi hulijua tone bovu kwa kulitazama. Wapo wanaouliza: kwa nini basi aandike "yote"? Mimi niko na hawa wa pili, ila nanyamaza mpaka dakika za mwisho, maana mwalimu akitangulia kusema mjadala umekufa.

Tuskegee sijaiacha. Imesogea hadi wiki wanayoandika fomu za ridhaa kwa ajili ya miradi yao, na sasa wanaisoma kwa macho mengine.

Muhula uliopita nilikuta pembezoni mwa daftari moja, kando ya 25.10 iliyokatwa mstari: "Nimepitisha kipimo. Nilikuwa naangalia simu." Nikampa alama zote za sehemu ile.