Mchezaji aliyeidai klabu mamilioni, akaishia kuimiliki: habari ya Mario Lemieux

Mleta mada, umeuliza mawili. La kwanza, mdogo wako anaidai klabu yake mishahara ya muda mrefu, klabu yenyewe iko hoi, je, achukue kidogo anachopewa aondoke au akomae nao? La pili, kama kuna mchezaji popote aliyewahi kudaiana na klabu inayofilisika na bado akatoka na kitu cha maana. La kwanza wakuu wanaojua sheria wameshalijibu vizuri huko juu. Mimi nitajibu la pili, maana mtu wa namna hiyo yupo na habari zake nazijua kwa karibu.

Nilipata green card kwa ile bahati nasibu, nikafikia Pittsburgh, Marekani. Kazi ya mwanzo ya jioni niliyopata ilikuwa kwenye vibanda vya chakula ndani ya uwanja wa Mellon, kwa timu ya hoki ya barafuni inayoitwa Pittsburgh Penguins. Mmiliki wake alikuwa Mario Lemieux, aliyekuwa mchezaji wa timu hiyo hiyo. Alifikaje pale ndiyo stori yenyewe.

Kwa ambao hawajawahi kuuona mchezo huu: kila timu ina watu sita barafuni pamoja na kipa, wanapigania kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu kama 160, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Mchezaji hakai uwanjani hata dakika nzima bila kutoka kupumzika, kwa jinsi wanavyokimbia. Kishindo cha mtu kubamizwa kwenye ubao wa pembeni, sisi tuliokuwa nyuma ya ukuta tunakaanga viazi tulikuwa tunakisikia. Ni mchezo wa vurugu, na Lemieux, jitu la karibu mita 1.93, alikuwa anaucheza kwa utulivu kabisa.

Penguins walimsajili mwaka 1984 wakiwa ndio wa mwisho kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Utaratibu wao unampa mnyonge nafasi ya kuchagua vijana mapema, na kijana wa kugombaniwa mwaka ule alikuwa huyu wa Montreal, miaka 18, aliyekuwa ametoka kufunga mabao 133 katika mechi 70 za ligi ya vijana ya Quebec. Mechi yake ya kwanza, Oktoba 1984 kule Boston, kwenye zamu yake ya kwanza, alimpokonya kisahani Ray Bourque, mmoja wa mabeki bora wa zama zile, akaondoka peke yake na kumpiga chenga kipa. Shuti la kwanza, bao la kwanza. Msimu wa 1988/89 alimaliza na pointi 199, yaani mabao 85 na pasi za mabao 114. Mwaka 1991 na 1992 akaipa timu Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara mbili mfululizo, na mara zote mbili akawa mchezaji bora wa hatua ya mtoano.

Lakini mwili ulikuwa unamsumbua. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 1990, na kuna nyakati hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake, akawa anafungiwa na mtu mwingine. Januari 1993 madaktari wakamkuta na saratani ya tezi, aina ya Hodgkin. Akapigwa mionzi. Tarehe 2 Machi 1993, siku aliyomaliza dozi ya mwisho, alipanda ndege kwenda Philadelphia akacheza jioni hiyo hiyo, akafunga bao na kutoa pasi ya bao. Mashabiki wa Philadelphia ni wakorofi kweli, wageni huwa wanazomewa mwanzo mwisho, lakini siku ile walisimama wakampigia makofi. Msimu huo alicheza mechi 60 tu na bado akaongoza ligi nzima kwa pointi 160. Wazee niliofanya nao kazi walikuwa wanaikumbuka siku ile kama watu wa kwetu wanavyokumbuka fainali.

Alistaafu mwaka 1997, akaingizwa moja kwa moja kwenye jumba la wakongwe wa hoki bila kusubiri miaka mitatu ya kawaida. Hapo ndipo swali lako linapoingia.

Mwaka 1992 alikuwa amesaini mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 42. Klabu haikuwa na uwezo wa kulipa fedha zote hizo kwa wakati, kwa hiyo sehemu kubwa ikaahirishwa ilipwe mbele ya safari. Wamiliki wa wakati ule walikuwa wanatumia kuliko wanavyoingiza. Mwaka 1998 klabu ikakimbilia mahakama ya ufilisi, kwa mara ya pili katika historia yake, maana ilishawahi kufilisika mwaka 1975. Lemieux alikuwa anaidai dola milioni 32.5.

Sasa angalia nafasi aliyokuwa nayo. Deni la mshahara halina dhamana. Benki inayoshika hati inalipwa kwanza, wewe wa mshahara unasubiri makombo. Kama klabu ingevunjwa au kuhamishiwa mji mwingine, angeambulia senti chache kwa kila dola. Wengi wangekubali walichopewa, au wangeendesha kesi miaka kumi. Yeye aliiambia mahakama hivi: dola milioni 20 za deni langu zigeuzeni hisa, naongeza dola milioni 5 taslimu mfukoni mwangu, natafuta wawekezaji, timu inabaki Pittsburgh na wadai wengine wanalipwa. Mfanyabiashara Ron Burkle akaingia naye. Mahakama ikaridhia, ligi ikapitisha, na kufikia Septemba 1999 mdai akawa mwenye mali.

Hili nimelifikiria sana kwa sababu limenigusa. Niliporudi Dar nikaajiriwa uhasibu kwenye kampuni moja ya malori, ikayumba, tukakaa bila mshahara. Mkurugenzi akatuita wafanyakazi watatu akasema fedha hana, tuchague Fuso moja kati ya mawili. Moja lilikuwa zuri, limepakwa rangi juzi, lakini mwenzetu alipoomba kuona kadi ya gari ikabainika iko benki, gari lenyewe ni dhamana ya mkopo. La pili lilikuwa chakavu, gia ya tatu inaruka, ila kadi ilikuwa kwenye droo ya ofisi, safi, haina deni. Tukachukua hilo chakavu. Lilitulipa madai yetu yote kwa kubeba vitunguu kutoka Mang'ola, na bado likabaki mali yetu. Mtu aliyetuuliza siku ile kwa nini tunaacha gari jipya alikuwa anaangalia rangi.

Turudi kwa Lemieux, maana kumiliki tu hakukumaliza kazi. Tarehe 27 Desemba 2000 alirudi uwanjani kama mchezaji huku akiwa mmiliki, kitu ambacho ligi ile haikuwa imekizoea kabisa. Sekunde 33 tangu mechi na Toronto ianze, akawa ameshatoa pasi ya bao kwa Jaromir Jagr. Mapenzi ya mchezo yalimrudisha, sina shaka, lakini pia tiketi zikauzika. Halafu Julai 2001 huyo huyo Jagr, rafiki na nyota mwenzake, akauzwa Washington kwa sababu klabu haikumudu mshahara wake. Hapo ndipo nilipomheshimu kama mfanyabiashara. Ukivaa kofia ya mmiliki, unamwachia mtu unayempenda kwa sababu daftari linakataa. Timu ikashuka vibaya miaka iliyofuata, lakini mwaka 2005 ikatangazwa kwamba wadai wa ule ufilisi wamelipwa kama mpango ulivyosema. Kwenye ufilisi hilo ni nadra mno, waulizeni mawakili.

Na bahati ilikuwepo, tuseme ukweli. Msimu wa 2004/05 ulifutwa wote kwa mgogoro wa mishahara, ukazaa ukomo wa mishahara ulioziokoa timu za miji midogo. Kisha kura ya kuchagua vijana ikawaangukia Penguins, wakampata Sidney Crosby, ambaye alihamia kuishi nyumbani kwa Lemieux kama mtoto wa familia. Januari 2006 Lemieux akastaafu moja kwa moja kwa tatizo la mapigo ya moyo, akiwa na mabao 690 katika mechi 915.

Mimi niliyaona kwa macho yangu yale ya msimu wa 2006/07. Uwanja ule, maarufu kwa jina la Igloo, ulifunguliwa mwaka 1961, ulikuwa umechoka na hauna sehemu za kuingizia fedha kama viwanja vipya. Mtu wa Kanada aliyetaka kuinunua timu, Jim Balsillie wa kampuni ya BlackBerry, akajitoa Desemba. Kukawa na maneno kwamba timu inahamia Kansas City, na Lemieux na wenzake kweli walikwenda kuangalia uwanja wa huko. Sisi wa vibandani tulikuwa tunahesabu soseji huku tunaulizana mwakani tutakuwa wapi. Mama mmoja mpishi, mtu mzima, kila akifunga kibanda alikuwa anapitisha kitambaa kwenye kaunta mara mbili, anasema haachi pachafu hata kama ni mara ya mwisho. Machi 2007 makubaliano yakapatikana: uwanja mpya, timu inabaki kwa miaka 30. Lemieux alipotoka katikati ya barafu kutangaza, hatukusikia maneno kwa kelele, ila tulijua.

Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 2010. Kombe la Stanley likaja tena 2009, 2016 na 2017. Mwaka 2021 udhibiti wa klabu ukauzwa kwa Fenway Sports Group, hao hao wanaomiliki Liverpool yetu hii tunayobishania kila wikiendi, kwa thamani iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 900. Linganisha na zile milioni 20 ambazo kwenye karatasi za ufilisi zilikuwa kama hazipo.

Kuna jambo moja simsamehi Lemieux kirahisi. Igloo ilijengwa juu ya mtaa wa watu weusi, Lower Hill, ambako zaidi ya wakazi 8,000 waliondolewa miaka ya 1950. Makubaliano ya 2007 yaliipa klabu haki ya kuendeleza eka 28 za ardhi hiyo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ilibaki maegesho ya magari. Wazee wa Hill walistahili haraka zaidi ya ile. Upande wa pili, taasisi yake aliyoianzisha mwaka 1993 alipougua imechangia utafiti wa saratani na vyumba vya michezo ya watoto hospitalini, na hivyo vipo, wazazi wanakaa humo na watoto wao.

Kwa mdogo wako basi: kabla hajasaini kupokea hicho kidogo, aombe deni lake liandikwe kwa tarakimu na kugongwa muhuri, aulize nani mwingine anaidai klabu na ameshika nini, na kama klabu ina kiwanja, basi la timu au haki za jina, ajue hati ziko kwa nani. Akishayapata hayo niandikie inbox, nitakaa nayo jioni tuyapitie mstari kwa mstari.