Jangwani ya baba yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mlipokuwa mkisafisha banda la baba yako pale Gerezani mmekuta chupa mbili za soda zimejaa vumbi jeupe, moja imezibwa kwa mpira wa tairi, nyingine kwa kipande cha khanga. Halafu ukaniuliza: "Mama, niambie kweli, baba alikuwa anatukimbia?" Kwenye simu ningelia, ndiyo maana naandika.

Kwanza, lile si vumbi, ni chumvi. Onja, lakini kidogo tu.

Unakumbuka ulivyokuwa mdogo pale Magomeni, mwalimu akikuuliza baba yuko wapi unajibu "Jangwani"? Darasa zima linacheka. Jangwani kwao ni kuteremka tu bonde la Msimbazi, pua na mdomo. Mwalimu akaniita: huyu mzee anafanya nini hapo miezi minne asirudi kulala kwake? Majirani walishaamua kwamba ana mke wa pili huko bondeni. Wengine wakasema anafuata Yanga, naye Simba damu! Nikachoka kueleza.

Jangwa lake ni Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kati ya Marsabit na Ziwa Turkana. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Haukupita muda akaitwa huko kutengeneza malori, kibarua cha wiki sita. Alirudi baada ya miezi mitano, amekonda, midomo imepasuka, anacheka peke yake. Toka hapo akawa haishi kwenda. Malori, pampu za visima, chochote chenye injini kikiharibika huko, yeye yumo.

Wewe ulizaliwa 1987 hayupo. Nilipiga telegramu, ikamkuta umeshatoka arobaini. Nilimchukia, mwanangu, sikufichi. Ada zenu zimelipwa na maandazi yangu ya alfajiri, na sitaki umfanye walii kwa sababu tu amekufa.

Mwaka 1993 nikamwambia nipeleke nikamwone huyo mke mwenzangu. Nyinyi mkabaki kwa bibi. Tukapanda basi mpaka Nairobi, halafu Isiolo tukadandia lori. Enzi hizo hakuna lami kule. Barabara ina mikunjo kama bati, unatetemeka mpaka meno, na malori yanakwenda kwa msafara na askari kwa kuogopa majambazi. Marsabit yenyewe ni mlima wenye msitu na ukungu, nikasema jangwa gani hili, mbona nasikia baridi? Akanyamaza. Kesho yake tukateremka.

Ile ardhi nyeupe inavunjika chini ya mguu kama ukoko wa wali. Hakuna mti, hakuna mbuzi, upepo tu. Mbele nikaona maji, ziwa kabisa, linametameta. Nikapiga kelele, "Baba Fulani, maji yale!" Akacheka mpaka akakaa chini. Yalikuwa mazigazi. Alipomaliza kucheka akaniambia zamani sana pale palikuwa ziwa kweli, na hata sasa mvua kubwa ikinyesha maji yanatanda. "Kwa hiyo hujakosea," akasema, "umechelewa tu." Ndiyo utani wake huo, ulimrithi wewe.

Jioni tukafika Kalacha, penye chemchemi. Nikaona mikoche. Akafungua mikono kama mwenye nyumba: "Karibu Mikocheni, mama!" Hii Mikocheni yetu siku hizi ni kuta na mageti, mikoche yenyewe uitafute kwa tochi.

Unajua hapa nyumbani alikuwa anaamka mara nne usiku kufungua dirisha, au mnamkuta asubuhi kalala barazani na mbu wanamla. Kule alitandika mkeka nje, akalala chali chini ya nyota, sikumsikia hata kugeuka. Nilikaa macho nikimtazama. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona amelala hivyo.

Asubuhi akaja bibi mmoja wa Kigabra na maziwa ya ngamia ndani ya kibuyu cha kusuka, yananuka moshi. Alinitazama sana, akasema neno, kijana mmoja akanitafsiria: "Anauliza yule mtoto wenu anayekula udongo ameacha?" Nikashtuka. Akauliza na dada yako, yule anayeogopa radi. Kumbe tulikuwa tunajulikana kule wote, kwa tabia zetu, mpaka ugomvi wangu na mama mwenye nyumba! Utafikiri nilifurahi. Nilizidi kukasirika: maneno yote hayo anampa bibi wa watu jangwani, sisi akirudi anatuletea chumvi na kucheka. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Huku ndiko nawaona vizuri." Nikamwambia sisi hatuli kuonwa. Hakujibu, akaokota chupa akaanza kuijaza. Nami nikaokota yangu, sijui kwa nini, nikachana pindo la khanga nikaiziba.

Hiyo yenye khanga niletee ukija Jumapili. Ya baba yako kaa nayo, na mpira wake usiufungue kabla ya dada yako kufika.

Mama