Kasa si kobe, penyu si kura-kura: maswali yenu ya Kiindonesia

Barua zimejaa tangu tuanze kujifunza Kiindonesia kwa kupitia habari za kasa. Najibu baadhi.

Mwalimu, "penyu" si ndiyo kobe?

Hapana. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na linaniuma kwa sababu wanaouliza ni watu wa pwani. Kobe ana miguu, hutembea nchi kavu, akitishwa hujificha gambani. Kasa ana mapezi, huishi baharini, na kichwa chake hakiingii ndani. Waindonesia nao wamewatenganisha: wa baharini ni *penyu*, wa nchi kavu na wa mitoni ni *kura-kura*. Sisi tumerithi maneno mawili, halafu tunaandika "kobe wa baharini" kana kwamba neno kasa limekufa. Rudini kwanza kwenye Kiswahili chenu.

Kura-kura ni kobe wengi?

Ni mmoja. *Seekor kura-kura*, kobe mmoja. Neno limezaliwa likijirudia, kama pikipiki.

Kwa nini kasa? Mimi nataka salamu na maneno ya biashara.

Salamu utazijua kwa siku mbili. *Apa kabar* huwezi kuisahau, habari imo ndani yake. Kinachowashinda wanafunzi ni maneno yasiyo na pa kushika. Mpe mtu jambo moja lenye uhai na maneno yatakuja yameshikana mikono.

Chukua majina tu. Kati ya aina saba za kasa duniani, sita wanapatikana Indonesia. *Penyu hijau*: hijau ni kijani. *Penyu pipih*: pipih ni bapa. *Penyu tempayan*: tempayan ni mtungi mkubwa wa maji. *Penyu sisik*: sisik ni magamba, na huyo ndiye ng'amba wetu, aliyewindwa miaka na miaka kwa ajili ya vitana na bangili. Ukiona bangili hizo dukani, usinunue.

Ninayempenda kuliko wote ni *penyu belimbing*. Belimbing ni tunda lenye pembe tano, ndugu wa birimbi letu la achari, na mgongo wa kasa huyu una matuta marefu yanayofanana nalo. Hutaga Jamursba Medi, huko Papua, na waliofuatiliwa kwa setilaiti kutoka ufukwe huo wamevuka Pasifiki hadi California. Wanafuata *ubur-ubur*, yaani yavuyavu. *Kantong plastik*, mfuko wa plastiki, ukielea majini hufanana na ubur-ubur, na kasa humeza. Hapo umepata maneno mawili ambayo hayatakutoka tena.

"Lindung" yao na "linda" yetu ni neno moja?

Hapana. Yamefanana kwa bahati. Linda ni la Kibantu. Acheni kusambaziana nasaba za maneno mlizozibuni wenyewe. Tunayoshiriki kweli yametoka Kiarabu: *musim* ni msimu, *hewan* ni hayawani, *jumlah* ni jumla. Hata *bahari* wanalo, ila kwao bahari yenyewe ni *laut*, na *wisata bahari* ni utalii wa baharini.

Mfanano wa lindung na linda utumie kukumbukia tu: *melindungi* kulinda, *pelindung* mlinzi, *perlindungan* ulinzi, *dilindungi* hulindwa. Hilo la mwisho lina uzito wa sheria. Tangu 1999 aina zote sita zimo katika orodha ya wanyama wanaolindwa Indonesia, na sheria ya 1990 ilishakataza kuchukua, kuuza na hata kuweka mayai ya wanyama wa namna hiyo. Ukiletewa *telur penyu*, mayai ya kasa, sokoni, sema *tidak, terima kasih*, hapana, asante, uondoke.

Nitumie orodha ya maneno 1,000.

Sina, na sitaitengeneza.

Naenda Bali. Nimeambiwa nitalipia kuachia kasa wachanga baharini. Nijifunze sentensi zipi?

Mtoto wa kasa ni *tukik*. Sentensi yako ya kwanza iwe hii: *Pak, kapan tukik ini menetas?* Baba, hawa wametotolewa lini? Ukijibiwa *tadi malam*, usiku wa kuamkia leo, vizuri. Ukijibiwa *minggu lalu*, wiki iliyopita, wamewekwa kwenye beseni wakisubiri wageni, na usilipe. Tukik huzaliwa na nguvu nyingi za siku ya kwanza, za kumvusha mawimbi ya ufukweni mpaka maji ya kina. Akizimalizia kwenye beseni akipiga mapezi bure, ataingia baharini amechoka, na samaki wanamngoja.

Ya pili: *tolong jangan pakai lampu kilat*, tafadhali msitumie mwanga wa kamera. Tukik hufuata mwanga, na taa humpoteza njia ya majini. *Boleh saya pegang?*, naweza kumshika?, siwafundishi makusudi. Jifunze jibu lake: *jangan dipegang*, asishikwe.

"Ng" yao inatamkwaje?

Kama ya ng'amba. Wakitaka ya ngoma huandika ngg: *tunggu*, subiri.