Sauti "zilizofichwa" kwenye nyimbo za zamani: unachokisikia ni nini hasa?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina "A Day in the Life" ya The Beatles katika matoleo mawili: moja nimelinakili kutoka CD ya 1987, jingine ni la 2009 na nimelipata kama MP3. Kuna video imenifundisha kuzilaza faili hizo pamoja kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), kuipindua moja (mawimbi yake ya juu yawe chini), kisha kusikiliza kinachobaki. Nimefanya hivyo na nasikia kama watu wananong'ona chini ya maji, hasa matoazi yanapolia. Je, hizo ni sauti zilizofichwa studio? Na kuna programu ya akili mnemba inayoweza kuzisafisha nipate maneno?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna mtu anayenong'ona humo. Unachosikia ni makombo ya MP3. Faili ya aina hiyo hupunguzwa ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio lisingezinasa, kwa kuwa kuna sauti kubwa zaidi inayozifunika, na kilichobaki hukadiriwa kwa usahihi mdogo. Makosa ya ukadiriaji huo yapo muda wote, ila muziki huyafunika. Wewe umeupunguza muziki, makosa yakajitokeza. Kwa kuwa yanafuata mapigo ya wimbo na kukusanyika kwenye matoazi na herufi kama "s", yanafanana sana na usemi. Hakuna programu itakayokupa maneno humo, kwa sababu maneno hayamo. Ukiilazimisha, itakutungia.

Hata kama faili zote mbili zingekuwa FLAC (faili isiyotupa sehemu yoyote ya sauti), bado usingepata kitu, na hapa ndipo penye kosa ninaloletewa karibu kila wiki: watu wanadhani kumasta upya ni kumiksi upya. Kumiksi ni kuzichukua njia za kanda, sauti ya mwimbaji huku, ngoma kule, na kuamua nini kisikike, kwa nguvu gani, upande gani. Kumasta huanza miksi ikiwa imeshakamilika: mhandisi ana njia mbili tu, kushoto na kulia. Anaweza kuongeza besi, kupunguza mvumo wa kanda, kubana sauti ili wimbo usikike mkubwa. Hawezi kumtoa mpiga gitaa wala kumwingiza mnong'onaji. CD ya 1987 na toleo la 2009 la stirio zote zimetoka kwenye miksi ileile ya stirio ya 1967. Kama toleo jipya limekuonyesha mkwaruzo ambao hukuwahi kuusikia, mkwaruzo huo ulikuwepo tangu mwanzo, ila sasa umenyanyuliwa.

Hiyo mbinu ya kupindua na kutoa inahitaji usahihi ambao video hizo hazikuelezi. Kwenye faili yenye sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, ukikosea kwa sampuli moja tu, sauti za kati, za kilohezi 1, zitabaki zikiwa chini ya wimbo halisi kwa desibeli 17 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na zile nyembamba za kilohezi 10 zitabaki kubwa kuliko zilivyokuwa kwenye wimbo wenyewe, kwa desibeli 2 hivi. Ukipatia sampuli lakini faili moja ikaizidi nyingine kwa desibeli 0.1, wimbo mzima unabaki kama kivuli, desibeli 39 chini. Tena kanda ya sumaku haizunguki kwa kasi ileile mara mbili, kwa hiyo ukizilinganisha vizuri mwanzoni, kufikia dakika ya tatu zimeshaachana. Mbinu hii inafaa kuhakiki kama faili mbili za kidijitali ni nakala moja. Kwa kutafuta siri za studio haifai kabisa.

Sauti ambazo kweli hujificha zinapatikana pale zilipo miksi mbili tofauti, na katika miaka ya 1960 zilikuwa nyingi, maana wimbo mmoja ulimiksiwa mara moja kwa mono (sauti ileile kushoto na kulia) na mara nyingine kwa stirio, kila mara kwa mikono, huku mtu akipandisha na kushusha sauti wimbo ukiendelea. Mono ndiyo iliyopewa uzito. Kwa albamu ya Sgt. Pepper, ambayo ndiyo yenye wimbo wako, wanamuziki wenyewe walikaa kwenye miksi za mono. Za stirio zilifanywa baadaye, kwa sehemu kubwa bila wao. Ndiyo maana "She's Leaving Home" ya mono inakwenda kasi zaidi na iko juu kwa takriban nusu toni. Mtayarishaji Giles Martin alipoimiksi upya albamu hiyo mwaka 2017, mono ndiyo iliyokuwa kielelezo chake.

"Helter Skelter" ya The Beatles haohao, ya stirio, hufifia, ikarudi, kisha mpiga ngoma wao Ringo Starr akapiga kelele kuhusu malengelenge ya vidole. Ya mono huishia mapema na kelele hiyo haimo. Kwenye "Please Please Me" ya stirio mwimbaji wao John Lennon anakosea maneno katika ubeti wa mwisho, na kicheko kinamponyoka mara tu baada ya hapo. "If I Fell" ya stirio ina sauti ya mwenzake Paul McCartney ikikatika kwenye neno "vain". Ukitoka kwa Waingereza hao, sikiliza "Here Today" ya The Beach Boys katika miksi ya mono ya 1966: sehemu ya vyombo vitupu ina mazungumzo ya studio yaliyosahauliwa nyuma ya muziki.

Mfano unaofundisha zaidi ni "I Am the Walrus" ya The Beatles. Tarehe 29 Septemba 1967, wakati wa kumiksi mono, redio iliyokuwa ikirusha igizo la King Lear iliingizwa moja kwa moja kwenye miksi. Sauti hiyo haikuwepo kwenye njia za kanda ya kurekodia. Walipotaka stirio, sehemu yenye redio ilibidi ichukuliwe kutoka mono na kugeuzwa stirio ya bandia. Ndiyo sababu karibu na dakika ya pili wimbo hubadilika ghafla na kuwa na ukungu. Anayejua habari hii hatahangaika kutafuta "fumbo" pale.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta faili zisizopunguzwa, FLAC au WAV, na hakikisha unajua ni miksi gani: jina la toleo, mwaka, na urefu. "Helter Skelter" ya stirio ina dakika 4 na nusu hivi, ya mono haifiki 4. Kwenye simu, zima mpangilio wa kuunganisha sauti kuwa mono, zima nyongeza ya besi, na zima Dolby Atmos (sauti ya kuzunguka), kwa maana hiyo hubadilisha sauti au hukuletea miksi nyingine kabisa iliyotengenezwa juzi. Kisha linganisha ukubwa wa sauti. Hili watu hulipuuza kuliko yote: sikio hudai kwamba kilicho kikubwa kidogo ndicho chenye mambo mengi zaidi. Ishushe faili kubwa (usiipandishe ndogo) hadi tofauti isizidi nusu desibeli, ukipima kipande kilekile cha wimbo.

Chagua kipande cha sekunde 5 hadi 10, kizungushe, sikiliza kushoto peke yake, kisha kulia peke yake. Stirio za zamani mara nyingi ziliwaweka waimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine, kwa hiyo kuziba upande mmoja tu kunakufunulia pumzi, kiti kinacholia, mtu anayekohoa. Baada ya hapo unaweza kutoa kulia kwenye kushoto ndani ya faili moja: kilicho katikati kinafutika, vya pembeni na mwangwi vinabaki. Usilifanye hili kwenye MP3, utarudi kwa wale wanong'onaji wako. Sikiliza sana miisho. Kodi ("chord", noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya mwisho ya wimbo wako hudumu zaidi ya sekunde 40, na wahandisi walikuwa wakipandisha sauti kadiri piano zilivyokuwa zikififia, hata kiti kinasikika kikilia. Hiyo ndiyo sauti iliyojificha kwenye "A Day in the Life", na huhitaji programu yoyote kuipata.

Andika dakika, sekunde na ulichosikia kabla hujasoma maelezo ya mtu yeyote. Ukishaambiwa neno, utalisikia hata kwenye feni. Wanaocheza nyimbo kinyumenyume huku wakiweka maandishi chini ya picha wanaishi kwa udhaifu huo. Ukiwa na shaka kama kweli unatofautisha faili mbili, mwambie mwenzako akuchezee bila kukuonyesha, mara 16. Chini ya 12 sahihi, huna ushahidi.

Kuhusu akili mnemba, nisieleweke vibaya. Timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson ilitenganisha sauti za kanda za zamani za The Beatles, na kazi hiyo ikaleta miksi mpya ya albamu ya Revolver ya 2022 na wimbo "Now and Then" wa 2023. Lakini walikuwa na kanda zenyewe za studio na kaseti ya Lennon, pamoja na wahandisi wa kuhakiki kila sekunde. Makanjanja wa mtandaoni wana MP3 na kitufe. Programu zao hukisia kila punje ya sauti ni ya nani, na toazi linapogongana na sauti ya mwimbaji, kipande cha toazi hupewa mwimbaji, kikageuka "ujumbe wa siri". Wengine hukuuzia "8D", ambayo ni wimbo unaozungushwa kushoto na kulia na kuongezwa mwangwi, au "432 Hz", ambayo ni wimbo ulioshushwa kwa asilimia 1.8. Hakuna kilichofunuliwa humo.

Wabaya zaidi ni wanaouza "njia halisi za studio". Albamu ya kwanza ya The Beatles, ya 1963, ilirekodiwa kwenye kanda ya njia mbili, waimbaji huku na vyombo kule. Anayekuuzia besi yake peke yake na ngoma zake peke yake anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kabla hujalipa, omba njia ya mwimbaji na usikilize pale asipoimba. Njia halisi ina mvumo wa kanda usiokatika, na mara nyingi muziki mdogo unaovuja kutoka hedifoni zake. Ukikuta ukimya mtupu, au mvumo unaowaka na kuzimika pamoja na sauti yake, hiyo imetoka kwenye programu.