Pombe, ukoo na ngono ya hatari: maswali yenu

Shikamoo dokta. Baba alikufa kwa pombe, na babu alikunywa mpaka shamba likauzwa. Mimi nina miaka 22. Wenzangu wananiita Tanki, maana wao wakianza kuyumba mimi ndiye ninayewarudisha nyumbani. Je, mimi nimeepushwa? (Msomaji, Moshi)

Marahaba, mdogo wangu. Hapana, hujaepushwa. Hicho kichwa kigumu unachosifiwa baa ndicho kinachonitia hofu. Nchini Marekani, daktari Marc Schuckit aliwapa vijana wa kiume wa rika lako pombe kwa kipimo, akaangalia wanavyoyumba na wanavyojisikia, kisha akawafuatilia kwa miaka mingi. Wale ambao pombe haikuwatikisa wakiwa na miaka kama 20 waliishia kwenye ulevi karibu mara nne kuliko waliolewa upesi. Na watoto wa walevi ndio waliojaa kwenye kundi la vichwa vigumu. Sababu yake inaeleweka: mwenzako bia ya tatu inamwambia basi, wewe hakuna kinachokuambia, unajikuta kwenye ya nane. Ini lako limepokea zote nane, hata kama unatembea wima.

Ukoo una sehemu yake kweli. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya ulevi inatokana na vinasaba, yaani jeni tunazorithi kwa wazazi. Huko Denmark, utafiti wa mwaka 1973 uliwaangalia wana wa walevi waliochukuliwa wachanga na kulelewa na familia nyingine. Bado walipata ulevi karibu mara nne kuliko watoto wengine wa kulelewa. Lakini wengi wao hawakuwa walevi. Ningependa uache kabisa, mdogo wangu. Kama bado hujafika huko, hesabu chupa na usingoje kulewa ndipo usimame, kwa sababu mwili wako hautakupa taarifa.

Fundi wa Kichina tunayejenga naye barabara akinywa bia moja tu uso wote unaiva. Anaigiza? (Msomaji, Dodoma)

Haigizi. Mwili hugeuza pombe kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, kisha kimeng'enya, yaani kichocheo cha kemikali mwilini, huivunja. Zaidi ya theluthi moja ya watu wa Asia Mashariki wamerithi kimeng'enya dhaifu, hivyo sumu inarundikana: uso unaiva, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu kinaanza. Kwa wengi hiyo ni kinga dhidi ya ulevi. Msimlazimishe kuongeza, maana mwenye hali hiyo akijikaza kunywa anajiongezea hatari ya saratani ya umio.

Mume wangu ni mtulivu, ila akinywa halali nyumbani, na najua ana wanawake. Mama mkwe anasema ni ya ukoo wao, nivumilie. (Msomaji, Mombasa)

Pole sana, dada. Mama mkwe ana ukweli kidogo, lakini ameutumia vibaya. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa uliotumia vinasaba vya watu wapatao milioni 1.5. Ulionyesha kuwa baadhi ya jeni zinazohusiana na matatizo ya pombe zinahusiana pia na kuanza ngono mapema, kuwa na wapenzi wengi na kuvuta bangi. Kinachorithiwa hapo ni ile hulka ya kutojizuia, ya kutenda kabla ya kufikiri. Kisha pombe yenyewe inaongeza: aliyelewa anaona raha iliyo mbele yake na hakumbuki kondomu wala kesho.

Hata hivyo, hakuna jeni inayomfungulia mtu mlango wa gesti. Hulka anayo hata asubuhi akiwa hajanywa, na asubuhi anaweza kuamua asipite baa. Wewe usivumilie gizani. Pimeni VVU na magonjwa mengine ya zinaa, na mpaka majibu yatoke, kondomu. Ukijua umekutana naye bila kinga na una wasiwasi, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 ukaulizie PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana navyo. Kila saa unayochelewa inapunguza nguvu ya dawa.

Naweza kupimwa jeni za ulevi? (Msomaji, Kisumu)

Usipoteze pesa. Jeni zinazohusika ni nyingi mno, na kila moja ina mchango mdogo. Muulize bibi yako nani alikunywa na ilimfikisha wapi. Atakuambia mengi kuliko maabara.

Nina kijana wa miaka 14, baba yake ni mlevi. Nifanye nini? (Mama, Morogoro)

Mama, umeuliza mapema, na hilo ni zuri. Mcheleweshe kuonja. Marekani, watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walipata ulevi mara nne kuliko waliosubiri hadi 20 au zaidi. Kwa hiyo mbege ya sherehe asipewe, hata kikombe cha heshima, hata mjomba akisisitiza. Pia ujue yuko wapi na yuko na nani. Watafiti wa mapacha wa Finland waliona kuwa nguvu ya jeni kwenye unywaji wa vijana hubadilika kulingana na mahali wanapoishi: pombe ikiuzwa kwa wingi, jeni zinapata nafasi zaidi. Na mweleze waziwazi habari za baba yake, bila matusi, kabla hajazisikia kijiweni.